Uongozi unataka aplikesheni ya chuo kabla ya muhula ujao. Tukubali?

"Mimi ni afisa TEHAMA katika chuo kikuu cha umma mkoani, tuna wanafunzi kama elfu tisa. Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitutengenezea aplikesheni ya Android ya matokeo na ratiba kama mradi wake, kisha akahitimu. Sasa wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaioni kabisa Play Store, lakini wa mwaka wa tatu bado wanayo na inafanya kazi. Siku matokeo yakitoka mfumo unalala saa nzima. Wi-Fi nayo inakataa simu tulizokwisha kuzisajili. Uongozi umetuagiza tuwe na aplikesheni mpya ya Android na iPhone kabla ya muhula ujao, na kampuni moja imeshaleta bei. Ofisini tuko wanne. Tukubali, au tuwashauri tuanze na menyu ya USSD, maana wapo wanafunzi wenye vitochi?"

Ndugu yangu, pole na kazi. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake kuna manne yaliyofungwa kwenye furushi moja: aplikesheni iliyopotea, mfumo unaolala siku ya matokeo, Wi-Fi inayowakana wenyeji wake, na agizo la wakubwa. Mkiyajibu yote kwa neno "aplikesheni mpya", mtatibu nusu ya moja na matatu mtayakuta palepale muhula ujao. Kwa ufupi, msisaini mkataba huo sasa, na wala msikimbilie USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli, kama mbadala wake. Kuna kazi inayotakiwa kutangulia zote mbili, na sehemu kubwa yake nyinyi wanne mnaiweza.

Naanza na aplikesheni iliyopotea, kwa sababu kila hali hii inapotokea lawama humwangukia kijana aliyehitimu, na si haki. Hakuifuta. Google inataka kila aplikesheni iliyoko Play Store itamke imelenga toleo gani la Android, na kiwango hicho kinasogezwa mbele kila mwaka. Aplikesheni ambayo hakuna mtu wa kuisogeza ikishapitwa vya kutosha, Google huacha kuionyesha kwa watu wapya wenye simu za Android mpya kuliko ile iliyolengwa. Aliyeipakua zamani anabaki nayo. Ndiyo maana kwenu wa mwaka wa tatu wanaifungua na wa mwaka wa kwanza hawaioni, na dawati lenu la msaada linabaki kubishana na watu wawili wanaosema kweli wote wawili.

Kuirudisha si kazi ngumu kwa mwenye vitu vitatu: msimbo wa programu, akaunti ya Play Store iliyoipandisha, na ufunguo wa kuisaini. Kwa aplikesheni mpya zilizopandishwa tangu Agosti 2021 ufunguo mkuu unatunzwa na Google yenyewe, na ule wa kupandishia ukipotea unaweza kuombwa upya. Ila anayeruhusiwa kuomba ni mwenye akaunti. Nina hakika ya karibu kabisa kwamba akaunti hiyo ilifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya huyo kijana, kwa sababu ndivyo miradi ya mwaka wa mwisho inavyokwenda. Kwa hiyo jambo mnaloliona kama uchakavu wa programu ni suala la umiliki: chuo kimekuwa kikiwahudumia wanafunzi kwa kitu ambacho hakijawahi kuwa chake. Kampuni mpya ikiipandisha kwa akaunti yake, mtakuwa mmerudi palepale kwa gharama kubwa zaidi.

Sasa simu zenyewe. Mwaka 2008 chuo cha Abilene Christian kule Texas kiliwagawia wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza iPhone au iPod touch. Waliokuwa wakitengeneza huduma pale walijua kila mmoja ameshika nini mkononi. Sisi hatujui, na tunajenga kana kwamba tunajua. Tunasikia "siku hizi kila mwanafunzi ana simu janja", tunaridhika. Ni kweli wengi wanazo. Lakini simu janja iliyonunuliwa mkononi kwa mtu, yenye kioo kilichopasuka na hifadhi iliyojaa, si simu ileile iliyopo mezani kwa mkurugenzi.

Niliwahi kusimama nyuma ya binti mmoja kwenye foleni ya dirisha la usajili, siku ya matokeo, katika chuo nilichokuwa nikikisaidia. Aliambiwa apakue aplikesheni. Simu ikamwandikia hifadhi imejaa. Akafungua picha zake, akaanza kufuta: picha za ubao wa darasani, kurasa za kitabu alizopiga maktaba, moja baada ya nyingine, akisita kabla ya kila moja. Akapata nafasi, akapakua, akaona matokeo yake, akashusha pumzi. Halafu hapohapo, kabla hajatoka kwenye foleni, akaifuta aplikesheni ili apate nafasi ya WhatsApp. Ofisini kwetu yule binti alihesabiwa kuwa mmoja wa walioipakua, na idadi hiyo ndiyo tuliyopeleka kwenye kikao. Tangu siku ile sijaamini tena idadi ya waliopakua kama kipimo cha lolote.

Huhitaji kukisia wanafunzi wako wana simu gani. Kumbukumbu za seva yenu zinajua. Kila kivinjari kinapofungua ukurasa hujitambulisha jina lake na toleo la mfumo wa simu, na hayo yameandikwa kwenye faili ambalo labda hamjawahi kulifungua isipokuwa siku ya hitilafu. Chukueni mwezi mmoja, mhesabu: Android za toleo gani, iPhone ngapi, Opera Mini ngapi. Kisha mmoja wenu akae kantini mchana, kwa muda wa saa moja, na daftari, aulize watu hamsini: bando lako la leo ni la kiasi gani, hifadhi imebaki kiasi gani, una laini ngapi, na mara ya mwisho ulipoenda dirishani ulifuata nini. Hilo swali la mwisho lina thamani kuliko yote, maana huduma mnayotakiwa kuipeleka kwenye simu ni ile inayowasimamisha watu juani.

Mara nyingi majibu yatakuwa machache yanayojirudia: kontro namba ya ada, matokeo, ratiba ya mtihani na ukumbi, hali ya usajili, na jina kama lipo kwenye orodha ya kusaini bumu, yaani fedha za mkopo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji aplikesheni. Yote ni maandishi mafupi. Ukurasa wa wavuti ulioandikwa kwa kubana, usio na mapambo ya picha, unaweza kuwa kilobaiti 30; aplikesheni ya megabaiti 30 ni mara elfu moja ya hapo, na haijaonyesha tokeo hata moja bado. Ukurasa huo unafunguka kwenye simu yoyote yenye kivinjari, unasahihishwa mara moja kwa watu wote bila kumngoja mtu asasishe, na hauwezi kufichwa na duka la mtu. Ukitaka unaweza kuwekwa kwenye skrini ya mwanzo kama aplikesheni, na ukatunza ratiba ndani ya simu ili isomeke hata bando likiisha. Ujaribuni kwenye Opera Mini kabla ya kuutangaza. Kivinjari hicho hupitisha kurasa kwenye seva zake na kuzikamua kwanza, na kurasa zenye msimbo mwingi hutoka zimevunjika.

Sisemi aplikesheni haina kazi. Inafaa mnapotaka arifa inayofika simu ikiwa mfukoni, kamera ya kusoma kadi mlangoni mwa ukumbi wa mtihani, au masomo ya kupakua na kusoma nje ya mtandao. Na kwa hilo la masomo, kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, aplikesheni yake rasmi ipo, inapakua masomo, na inachohitaji ni msimamizi wenu kuiruhusu kwenye mipangilio. Msilipe mtu awatengenezee kitu kilichokwisha kutengenezwa.

Tuje kwenye siku ya matokeo. Hapa ndipo nafikiri mna deni kubwa zaidi kwa wanafunzi wenu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Dhana iliyozoeleka ni kwamba seva ni ndogo, inunuliwe kubwa. Hebu tufanye hesabu. Tuseme wanafunzi 6,000 kati ya 9,000 wanaingia ndani ya dakika kumi za kwanza, na kila mmoja anabonyeza mara tano kwa sababu ukurasa unachelewa. Hayo ni maombi 30,000 kwa sekunde 600, yaani 50 kila sekunde kwa wastani, na dakika ya kwanza ni zaidi ya hapo sana. Mifumo mingi ya vyuo kila inapoombwa ukurasa wa matokeo huenda kwenye kanzidata, ghala la taarifa zote, kuuliza upya: huyu ni nani, amesajili masomo gani, alama za kila somo, anadaiwa ada, wastani wake upigwe. Kama ni maswali kumi na mawili kwa ukurasa, kanzidata inapigwa maswali 600 kwa sekunde. Milango ya kanzidata ina idadi. Ikijaa, wengine wanangoja nje. Mwanafunzi anayengoja anabonyeza tena. Ombi lake la kwanza halijafa, bado liko kwenye foleni, na seva itamalizia kulifanyia kazi ilhali mwenyewe hayupo tena kulipokea. Kwa hiyo mfumo unatoa jasho kwa watu waliokwisha kuondoka, na waliopo hawapati kitu. Seva ya ukubwa mara mbili inachelewesha tu dakika ya kuanguka.

Lakini tazama matokeo yenyewe. Yakishapitishwa hayabadiliki saa kwa saa. Hakuna sababu ya kuyapika upya kwa kila anayeuliza. Mama ntilie anayejua kwamba saa saba watafurika hapiki sahani mojamoja ya wali kila mteja akifika. Anaamka alfajiri, anainjika sufuria kubwa, mchana kazi yake ni kupakua tu. Fanyeni hivyohivyo: usiku wa kuamkia siku ya kutangaza, programu ipite kwa kila mwanafunzi, itengeneze ukurasa wake uliokamilika, iuhifadhi. Asubuhi seva inathibitisha huyu ndiye mwenyewe, inampa ukurasa uliokwisha kupikwa, basi. Kanzidata haiguswi isipokuwa wakati wa kuingia. Ongezeni na kutangaza kwa zamu, skuli moja saa mbili, nyingine saa tatu, na mzitaje saa hizo mapema, kwa sababu mtu anayejua zamu yake ni saa nne hatabonyeza saa mbili. Kazi hii ni ya wiki mbili tatu kwa mtu mmoja anayeujua mfumo wenu. Haiombi mkopo wala zabuni.

USSD. Wengi wanaidharau kwamba ni ya kizamani, na wengine wanaisifu kwamba ni ya bure. Zote si sahihi. Ukipiga *150*00# kutuma hela, maneno yako hayapiti kwenye intaneti. Yanapita kwenye njia ya mawasiliano ambayo simu na mnara hutumia kupeana ishara, ndiyo maana kiswaswadu chenye vitufe kinaweza na salio la bando halihusiki. Nguvu yake ni hiyo. Udhaifu wake ni kwamba kila skrini ina nafasi ya herufi 182 tu, na kikao kina muda: mwanafunzi akisita kutafuta namba yake ya usajili, menyu inakatika na anaanza upya. Kontro namba inatosha humo, ukumbi wa mtihani unatosha, salio la ada linatosha. Ratiba ya wiki haitoshi. Na bure haipo: namba fupi inatolewa kwa utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuna kuunganishwa na kila mtandao, Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, na kila kikao kina mtu wa kukilipia, ama chuo ama mwanafunzi kwa salio lake. Nyinyi ni chuo cha umma, kwa hiyo kabla ya kufikiria namba yenu wenyewe ongeeni na Mamlaka ya Serikali Mtandao kuhusu kuingia kwenye *152*00#, ambayo taasisi za Serikali tayari zinaitumia. Na hesabu ya vitochi mtakuwa mmeipata kantini. Wakiwa wachache sana, huenda njia ya kuwafikia ni meseji ya kawaida.

Kuhusu meseji nina onyo moja ambalo sisi lilitugharimu. Meseji moja ni herufi 160, ilimradi zote zimo kwenye orodha ya herufi za msingi za simu. Ikiingia herufi moja tu ya nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70. Siku moja tulituma tangazo la mtihani lenye herufi kama 150, tumeliandika kwenye kompyuta, na ndani yake kulikuwa na neno lenye ng’. Programu ya kuandikia ilikuwa imeipinda ile alama ya juu, kama inavyofanya siku zote. Ile iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyopinda haimo. Kila mwanafunzi akatumiwa meseji iliyohesabiwa kuwa tatu, na bili ikaja mara tatu. Kiswahili kina ng’ nyingi, na majina ya watu wetu yanazo. Mfumo wenu wa kutuma unyooshe alama hiyo wenyewe kabla ujumbe haujaondoka.

Na msitume kamwe kiungo wala namba ya kulipia kwa meseji. Nchi nzima inapokea meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Chuo kikiwazoesha wanafunzi kwamba maelekezo ya malipo huja kwa njia hiyo, tapeli hana kazi kubwa ya kufanya. Andikeni tu: kontro namba yako ipo, ingia kwenye akaunti yako uione.

Hapo pia ndipo penye hatari ambayo mifumo mingi inaisahau: namba ya simu si mtu. Mwanafunzi anabadilisha laini kufuata bando la bei nafuu. Laini nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka au mama, kwa sababu siku ya kusajili yeye hakuwa na namba ya NIDA. Laini iliyoachwa muda mrefu inarudi kwa mtandao na kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa, na siku mkituma matokeo au namba ya kubadilishia neno la siri, anayeipokea ni mgeni. Kila mwanzo wa muhula mfumo umtake mwanafunzi athibitishe namba yake kabla ya kumruhusu kuendelea na usajili. Asiyeipata tena ile ya zamani aje dirishani na kitambulisho. Usumbufu huo ni wa haki.

Wi-Fi ni fupi. Mnasajili simu kwa anwani yake ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, sivyo? Mwanafunzi anafungua mipangilio, anawaonyesha anwani halisi ya simu, mnaiandika. Lakini kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu ikifika kwenye Wi-Fi haitoi anwani hiyo. Inabuni nyingine kwa ajili ya mtandao huo, kumlinda mwenye simu asifuatiliwe anakopita. Mlango wenu unaona mgeni asiye kwenye orodha. Kwa leo mwelekezeni achague "tumia MAC ya simu" kwenye mipangilio ya mtandao huo. Kwa kudumu, acheni kusajili simu, sajilini watu: kila mmoja aingie kwa jina na neno lake la siri, kama inavyofanya eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo vya nchi nyingi. Huendeshwa na mtandao wa vyuo wa kila nchi: KENET Kenya, RENU Uganda. Kwa Tanzania waulizeni TERNET. Faida ya ziada ni kwamba mwanafunzi wenu akitembelea chuo kingine chenye eduroam, simu yake inaungana yenyewe.

Nimefika kwenye jambo ambalo swali lako halikuligusa, nalo ndilo linaloua huduma nyingi: ni nani anayepokea simu mwanafunzi anaposema "haifunguki"? Neno hilo lina maana kumi. Amesahau neno la siri. Analipa ada kwa kontro namba ya mwaka jana. Mwalimu hajapandisha alama. Anadaiwa, na mfumo umemfungia matokeo bila kumwambia. Kwa uzoefu wangu malalamiko mengi yanayofika TEHAMA hayahusu kompyuta. Yanahusu idara nyingine, na sisi ndio tunaoonekana. Dawa yake nusu iko kwenye skrini. Ukurasa usioonyesha tokeo useme sababu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Somo hili: mwalimu hajawasilisha alama. Wasiliana na idara ya Sosholojia." Au: "Unadaiwa ada ya muhula wa pili. Bonyeza hapa upate kontro namba." Mwanafunzi anayejua mlango wa kwenda hagongi wa kwenu.

Nusu nyingine ni watu. CR, yaani kiongozi wa wanafunzi, wa kila darasa mpeni saa moja ya mafunzo kila muhula, na karatasi moja ya maswali yanayojirudia. Hao ma-CR ndio wanaoulizwa kwanza kwenye makundi ya WhatsApp, mkitaka msitake. Malalamiko yaandikwe mahali pamoja, hata kama ni jedwali tu kwenye kompyuta, pamoja na saa lilipoingia na saa lilipoisha. Bila hilo kila Jumatatu mtaanza upya. Siku ya matokeo wote wanne mkae dawatini, likizo ya mtu isiangukie wiki hiyo. Na tangazeni mara kwa mara kwamba hakuna mtumishi wa chuo atakayeomba neno la siri la mwanafunzi kwa simu wala kwa WhatsApp, kisha mlishike hilo nyinyi wenyewe hata mnapokuwa na haraka.

Kampuni iliyoleta bei siisemi vibaya, huenda ni watu wazuri. Lakini bei mliyoletewa ni mahari tu. Chakula cha nyumbani kinanunuliwa kila siku. Waulizeni ya mwaka wa pili na wa tatu ni kiasi gani. Akaunti ya Google ni dola 25 mara moja, ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na zote mbili zifunguliwe kwa jina la chuo, kwa barua pepe ya ofisi isiyo ya mtu, kabla mstari mmoja wa msimbo haujaandikwa. Msimbo ukabidhiwe kwenu kila mwezi, si mwisho wa mkataba. Seva na jina la tovuti viwe vyenu. Wakikataa lolote kati ya haya, hamna sababu ya kuendelea kuongea. Wakikubali yote, bado ningewaomba mngoje muhula mmoja baada ya kutengeneza ukurasa wa wavuti na dawati, kwa sababu hapo ndipo mtakapojua aplikesheni mnaihitaji kwa kazi gani hasa, na mkataba mtauandika kwa kazi hiyo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na chuo kinachokusanya matokeo, namba za simu na taarifa za afya za wanafunzi kinaguswa moja kwa moja. Kaeni na mwanasheria wa chuo na muende kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hasa kama kampuni ya nje itashika kanzidata. Mradi wa taasisi ya umma upitie kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao mapema, usiende kuombewa baraka ukiwa umekamilika. Kama Wi-Fi inakatika hata kwa walioingia vizuri, hilo halitibiki kwa kuandikiana. Mleteni fundi wa mawimbi ya Wi-Fi atembee mabwenini na kifaa cha kupimia jioni, wakati wote wamerudi, si saa nne asubuhi vyumba vikiwa vitupu. Na kama mmewahi kuona tokeo la mtu likibadilika bila mwenye mamlaka kulibadilisha, acheni kila kitu, zuieni mfumo, tafuteni mkaguzi wa usalama aje hapo ana kwa ana siku hiyohiyo.

Kwa uongozi, usiende na neno "hapana". Nenda na tarehe: ukurasa wa matokeo uliopikwa tayari kwa mitihani ya muhula huu, sababu zilizoandikwa kwa Kiswahili kwenye kila skrini, namba za simu zilizothibitishwa ifikapo wiki ya pili ya usajili, na ripoti ya dawati mwisho wa muhula. Ombeni na nafasi moja ya ajira ya kudumu ya mtunza mifumo, maana kati ya nyinyi wanne sijui wangapi mko kwa mkataba.

Na yule kijana aliyehitimu, mtafuteni wiki hii kwa heshima, mumlipe nauli na siku yake ya kazi, ahamishe aplikesheni yake kwenda kwenye akaunti ya chuo na kuwakabidhi msimbo, kabla hajabadilisha laini.